Paulo alishukuru kwa mkate, sio kwa dhoruba

Juzi mama mmoja wa kanisani kwetu huku Kirumba, Mwanza, mfanyabiashara wa dagaa, alikuja ofisini kwangu, hata shikamoo hajamaliza akaanza kulia. Alikuwa ameanika dagaa ndoo 18, hela ya mkopo wa kikoba, kikundi cha kukopeshana, na marejesho ni Ijumaa, mvua ikashuka saa nane mchana. Mnaokaa huku ziwani mnajua dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka inakuwaje, wananuka, wanakatikakatika, wanaishia kununuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Lakini kilichomleta kwangu sio hasara. Wenzake wa maombi walimwambia amshukuru Mungu kwa hiyo mvua, maana andiko linasema shukuruni kwa kila jambo, na yeye kapiga magoti mara tatu mdomo umegoma. Akaniuliza, "Mchungaji, kwani mimi nina imani kweli?"

Naandika hili maana sio yeye peke yake, nimehudumu hapa mwaka wa 19 sasa na hilo swali nimelisikia mara nyingi mno.

Andiko lenyewe ni 1 Wathesalonike 5:18. Kwenye Kigiriki cha Paulo lile neno "kwa" ni en, yaani katika, ndani ya. Shukuruni mkiwa ndani ya kila jambo. Najua kuna Waefeso 5:20 panaposema "kwa mambo yote" na sitaki kuparuka, ila soma mstari wa 19 kwanza, pale anaongea na watu wanaosemezana kwa zaburi, na zaburi zenyewe nyingi ni kilio kitupu. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini?" na inafika kwenye kuimba mwishoni kabisa. Ya 88 inaishia gizani moja kwa moja, na bado imo kwenye Biblia.

Sasa mwangalie Paulo mwenyewe akiwa majini, Matendo 27. Siku 14 dhoruba inawapiga, jua na nyota hazikuonekana siku nyingi, watu 276 hawali. Na Paulo alishawaonya kabla wasing'oe nanga, tena akawaambia mbele ya wote kwamba iliwapasa kumsikiliza, hakujifanya kwamba ile safari ilikuwa nzuri. Halafu kabla hakujapambazuka vizuri, meli bado inayumba, anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega anakula. Alishukuru kwa mkate jamani. Hakuna mahali imeandikwa alishukuru kwa upepo. Wengine walipomwona wakapata moyo nao wakala, na meli asubuhi ile ile ikavunjika kweli.

Wale 276 walifika nchi kavu wote. Na hapa Mwanza siwezi kuusoma huo mstari haraka haraka, kwa sababu kwenye mabenchi wamekaa watu ambao ndugu zao walizama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, wengine wamelala pale makaburini Igoma, na wapo wa kisiwa cha Ukara waliopoteza watu kivuko cha MV Nyerere kilipozama 2018. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo ashukuru kwa ile siku. Sitamwambia kamwe.

Mimi nilipomzika mke wangu wa kwanza walinisomea Ayubu 1:21, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na ni neno la kweli, ila hakuna hata mmoja aliyenisomea sura ya 3 ambapo Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa. Mwaka ule kushukuru kwa kifo sikuweza. Nilichoweza ni kushukuru kwa jirani yangu ambaye kila alfajiri aliwachemshia wanangu uji bila kuniuliza, nikawa namtaja kwa Mungu kwa jina, asubuhi hadi asubuhi, siku nyingine hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote. Nikaona moyo unaanza kulegea taratibu.

Basi yule mama tulikaa naye kama saa zima. Nilimwambia aanze na kulia, amwambie Mungu ndoo ngapi zimeenda na anavyoiogopa Ijumaa, akaomba kwa Kisukuma maana Kiswahili kilimwishia. Alipotulia nikamuuliza, mama, leo mkate wako uko wapi? Akanyamaza sana. Kisha akasema kuna mtoto wa jirani, wa darasa la nne, alipoona wingu alikimbia bila kutumwa akakunja turubai moja, ndoo tatu zikapona. Akamtaja yule mtoto jina lake, akasema wabeja, yaani asante, akafunga khanga vizuri akaondoka kwenda soko la Mwaloni kuziuza hizo tatu.