Kufanya mazoezi jimu ukiwa peke yako: maswali yanayoulizwa Mtwara

Katika kazi ya kutoa elimu ya afya hapa Mtwara Mjini nimekutana na watu wengi waliolipia ada ya mwezi katika ukumbi wa mazoezi, wakaonekana mara mbili au tatu, kisha wakapotea. Nikiwauliza sababu, ni wachache wanaotaja uvivu au fedha. Wengi husema walizoea kwenda na mwenzao, mwenzao akasafiri au akaacha, nao wakaona haya kuingia peke yao. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara.

Nimelipia mwezi mzima, lakini kila nikifika mlangoni moyo unanienda mbio, nageuka. Je, nina tatizo?

Huna ugonjwa. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilifika hadi kizingitini mwa jimu moja ya mtaani, taulo begani na chupa ya maji mkononi, nikaona vijana wanne wamezunguka benchi wakimhesabia mwenzao kwa sauti, nikajipapasa mifuko kama mtu aliyesahau simu nyumbani, nikaondoka. Simu ilikuwa mkononi, pamoja na ile chupa.

Mwili hautofautishi sana kati ya hofu ya nyoka na hofu ya kuonekana mshamba mbele ya watu. Katika hali zote mbili tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, mapigo ya moyo huongezeka, viganja hulowa na pumzi huwa fupi. Ukizitazama vizuri, nyingi kati ya dalili hizo ndizo utakazokuwa nazo dakika kumi baadaye ukiwa juu ya mashine ya kukimbilia, na hapo hutaziita hofu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo fulani hujengwa na mambo manne: kulifanya mwenyewe na kufanikiwa, kumwona mtu mwingine akilifanya, kutiwa moyo na watu, na namna anavyozitafsiri dalili za mwili wake. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko mengine yote. Kwa hiyo anayesimama mlangoni akisubiri ujasiri umjie ndipo aingie anakisubiri nje kitu ambacho kinapatikana ndani. Hata hivyo, ikiwa hofu ya namna hiyo inakuzuia pia kwenda harusini, sokoni au kazini, na imedumu kwa miezi, mweleze daktari, kwa sababu ina tiba.

Mbona nahisi watu wote wananitazama mimi?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walichapisha mwaka 2000 jaribio ambalo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki aliyoionea haya, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameiona picha ile. Ukweli ni kwamba walioiona walikuwa kama robo tu. Jimu haina tofauti kubwa. Anayenyanyua chuma anahesabu, aliyemaliza seti, yaani mzunguko mmoja wa zoezi, anatafuta pumzi, na aliyebaki anajitazama kwenye kioo, ambacho kwa hakika kina wateja wengi kuliko wewe.

Sisemi kwamba hakuna atakayekutazama kabisa. Mji wetu si mkubwa, na si ajabu kumkuta humo jirani wa kata ya Chuno, mwalimu wa mtoto wako au shemeji yako. Dawa ninayoiona inafanya kazi ni ileile tunayoitumia tunapoingia barazani: toa salamu. Mtu aliyeingia akasema "Habari za jioni jamani" na kuitikiwa si mgeni tena, na baada ya hapo hata swali la kijinga, kama vile kiti cha mashine kinashushwaje, huulizika bila aibu. Wakati mwingine tatizo hutatuliwa na saa tu. Muulize mwalimu wa jimu ni wakati gani watu huwa wachache, uanzie hapo wiki mbili za mwanzo.

Siku ya kwanza nifanye nini hasa?

Fanya kidogo kuliko unavyoweza. Ushauri huu huwakera wengi, hasa wanaume waliowahi kucheza mpira shuleni na ambao miili yao, kwa maoni yao, bado iko mwaka ule. Mtu huyo huingia, akabeba chuma cha rafiki yake, na kesho yake hawezi kuinua mkono kuchana nywele. Maumivu ya misuli iliyofanyishwa kazi isiyoizoea hupanda zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye, kwa hiyo siku ya tatu, ambayo ndiyo ilipaswa kuwa zamu yake ya pili, inamkuta akishuka ngazi kinyumenyume. Haendi, na asipokwenda mara ya pili, ya tatu huwa ngumu maradufu.

Mpango wa dakika 25 hadi 30 unatosha. Tembea dakika tano kwenye mashine au uani hadi mwili upate joto. Kisha chagua mazoezi matatu usiyohitaji mtu wa kukusaidia. La kwanza ni kukaa kwenye benchi na kusimama bila kutumia mikono, ukisukuma kwa visigino. La pili ni kusukuma, nalo linaweza kuwa pushapu za ukutani kwa anayeanza. La tatu ni kuvuta, kwa mashine ya kamba au kwa dambeli moja (chuma kifupi cha kushika kwa mkono mmoja) huku mkono mwingine umeegemea benchi. Fanya kila moja mara kumi, pumzika dakika moja au mbili, rudia seti ya pili. Uzito unaofaa ni ule unaokuacha ukijua kwamba ungeweza kuongeza mara mbili au tatu zaidi. Malizia kwa kutembea taratibu. Ukitoka huku unatamani kidogo kuendelea, umefanya sawasawa.

Nenda na daftari dogo la shule. Andika tarehe, zoezi, kilo na idadi. Daftari lina kazi mbili: linakupa kitu cha kushika na kutazama wakati wa kupumzika, jambo ambalo aliye peke yake atalithamini, na linakuonyesha maendeleo ambayo kioo hakiyaonyeshi. Katika wiki nne hadi sita za mwanzo nguvu huongezeka zaidi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiita misuli mingi kwa pamoja, kabla misuli yenyewe haijakua. Aliyeanza na dambeli ya kilo tano na sasa ana ya kilo nane amebadilika, ingawa kitambi bado kiko palepale na watu wa nyumbani hawajasema neno.

Hamu huwa inanijia wiki mbili tu, kisha inaisha. Niifanyeje isiishe?

Itaisha. Usiijengee nyumba juu yake. Hamu huja na kuondoka, na kinachobaki ni mazoea, ambayo huchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliofanywa na chuo kikuu cha University College London kwa watu 96 na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba jambo jipya lilichukua wastani wa siku 66 hadi kufanyika bila kujishurutisha, baadhi wakifika kwa siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Yaliyohusu mazoezi yalichelewa kuliko yale mepesi kama kunywa glasi ya maji. Habari njema ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Kinachosaidia ni kuamua mapema siku, saa na mahali. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 2002, wanafunzi walioandika ni lini na wapi watafanya mazoezi wiki inayofuata walifanya kweli kwa asilimia 91, wakati waliopewa maelezo tu ya faida za mazoezi kwa moyo walifanya kwa asilimia 35. Nikiwa mtu ninayeishi kwa kutoa maelezo ya faida, takwimu hizo zilinichoma kidogo. Basi usiseme "nitaanza kwenda". Sema: Jumatatu na Alhamisi, nikifunga duka saa kumi na moja jioni, sipiti nyumbani, naelekea jimu moja kwa moja, na nguo ziko kwenye mfuko tangu asubuhi. Kupita nyumbani "kuacha mzigo mara moja" ndiko kunakomaliza mipango mingi.

Mpango huo uandike ukijua mwaka wetu ulivyo. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, wengi huenda vijijini na kukaa huko. Mvua zikishika, barabara za mtaani hujaa maji. Na Ramadhani hugeuza saa zote za kula na kulala. Hizo si sababu za kuacha ila ni sababu za kuwa na toleo dogo la mazoezi. Aliyefunga anaweza kufanya mazoezi mepesi karibu na kufuturu, au kuhamishia vyuma baada ya futari mwili ukiwa umepata maji. Aliye shambani anaweza kuchuchumaa na kupiga pushapu kivulini mwa mkorosho, na siku hiyo iandikwe kwenye daftari kama nyingine.

Lengo la mwisho lijulikane pia: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Anayetembea kwa kasi kwenda kazini na kurudi, dakika 15 kila safari kwa siku tano, tayari ana 150 na anachokihitaji jimu ni zile siku mbili za nguvu.

Mimi ni mwanamke na navaa kwa staha. Nitaweza?

Utaweza, dada yangu. Suruali pana ya kitambaa kinachopitisha hewa, shati refu na mtandio uliobanwa vizuri havizuii zoezi lolote nililolitaja. Kinachohitaji uangalifu ni ncha zinazoning'inia karibu na mashine zenye mikanda au kamba. Zipo kumbi zinazotenga saa za wanawake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Usilipe kabla ya kuona ndani, na ukienda kuangalia nenda saa ileile utakayokuwa ukifanya mazoezi, kwa sababu ukumbi wa saa nne asubuhi na wa saa kumi na mbili jioni ni kumbi mbili tofauti. Mwalimu anapaswa kukuomba ruhusa kabla ya kukushika ili kukurekebisha mkao. Asipoomba, mwambie hivyo waziwazi, na akirudia, tafuta pengine.

Kuna hatari gani ya kufanya peke yangu?

Kubwa ni ile ya kulala kwenye benchi na kusukuma chuma kirefu kizito bila mtu wa kukidaka. Usifanye hivyo. Tumia dambeli au mashine, au mwombe aliye karibu asimame kichwani mwako kwa seti moja. Ni ombi la kawaida jimu na halimshangazi mtu.

Mwenye presha asizuie pumzi anaponyanyua, kwa sababu kuzuia pumzi huipandisha ghafla. Atoe hewa wakati wa kusukuma na aivute wakati wa kurudisha. Ikiwa vipimo vyake ni 180 kwa 110 au zaidi, asianze hadi amwone daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari apime kabla, na awe na glukosi au soda yenye sukari begini. Kutetemeka, jasho baridi na moyo kwenda mbio vinaweza kufanana sana na ile hofu ya mlangoni, na yeye hana ruhusa ya kukisia. Mwalimu wa jimu naye aambiwe.

Joto la kwetu nalo ni la kuheshimiwa, hasa kuanzia Novemba hadi Machi. Jasho linalopoza mwili ni lile linalokauka, si lile linalodondoka sakafuni, na penye unyevunyevu wa bahari hukauka polepole. Chagua alfajiri au jioni, kunywa maji kidogo kidogo, na uupe mwili wiki moja hadi mbili kuzoea kabla ya kuongeza kasi. Maumivu ya kifua, hasa yanayokwenda mkononi au tayani, kizunguzungu, au mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali ni mambo ya kwenda hospitali mara moja.

Je, ninunue unga wa protini?

Anayeanza hauhitaji. Samaki, mayai, kunde na mbaazi zetu vinatosha, na ming'oko (viazi pori vya huku kwetu kusini) ya kuchemsha saa moja au mbili kabla ya mazoezi hutoa nguvu ya kutosha.

Nimekosa wiki tatu. Naona aibu kurudi.

Wiki tatu hupunguza pumzi kwanza, na nguvu ya misuli hubaki kwa sehemu kubwa, ingawa chuma cha kwanza kitakuonyesha vingine. Rudi na nusu ya uzito uliouacha, fanya seti moja moja siku ya kwanza, na kufikia wiki ya pili huenda ukawa karibu na ulipokuwa. Wenyeji wa jimu watakuuliza ulikuwa wapi. Wajibu kwamba ulikuwa na shughuli, ufungue daftari, na uandike tarehe ya leo kwenye ukurasa uleule, chini ya ile ya mwisho.