Mahakama ya Kadhi Kenya: kubali kwanza, ndipo kesi isikilizwe

Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inampa kadhi mambo manne tu: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Hata hayo yana masharti mawili yanayokwenda pamoja. Wahusika wote wawe Waislamu, na wote waridhie kesi isikilizwe hapo. Likikosekana moja, kadhi hana mamlaka. Wizi au deni la duka halimhusu kabisa.

Sharti la kuridhia ndilo husahaulika, nami naliona kuwa ndilo roho ya ibara nzima. Chukua mirathi. Mwislamu amefariki Mombasa, ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja, wazazi wake walishatangulia. Kwa kadhi, mazishi, madeni na wasia vikishatolewa, mjane anachukua thumuni, yaani 1/8. Inayobaki hukatwa mafungu matano: kila mwana mawili, binti moja. Binti asiporidhia, shauri linakwenda Mahakama Kuu. Ila asidhani fungu lake limeongezeka papo hapo, kwa kuwa kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kinaitoa mirathi ya Mwislamu nje ya kanuni za kawaida za sheria hiyo na kuiacha ifuate sheria ya Kiislamu. Kumkataa kadhi ni jambo moja, kuikwepa sheria ni jingine.

Hapo ndipo kampeni za kura ya maoni ya 2010 zilipoteleza. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya katiba mpya, kadhi akiwa miongoni mwa sababu, wakisema dini moja inapendelewa. Hoja yao ina uzito: kadhi analipwa na serikali, na Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Lakini majukwaani wachache walieleza kwamba kumwondoa kadhi kusingeiondoa sheria ya Kiislamu. Kungeihamishia tu kwa hakimu mwingine. Wala kadhi hakuingia na rasimu ile. Alikuwemo tangu katiba ya uhuru, kwa makubaliano ya 1963 kuhusu ukanda wa maili kumi wa Mwambao uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar.

Tanzania Bara, ambako mjadala huu umezuka mara kadhaa tangu ilani ya CCM ya 2005, watu bado wanabishana kama kadhi awepo au asiwepo. Ningeanza kwingine: muswada wowote wa kuanzisha mahakama hiyo utasema nini kuhusu asiyeridhia, na rufaa dhidi ya hukumu ya kadhi itakwenda wapi? Kenya inakwenda Mahakama Kuu.