Fsck ni kitu gani, na kwa nini Linux inagoma kuwaka mpaka uiite

Umeme umekatika kompyuta ikiwa katikati ya kazi, umerudi, unabonyeza swichi, na badala ya kuona pale pa kuweka paswedi unakutana na skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na chini kabisa kuna neno initramfs ndani ya mabano, yani kile kimfumo kidogo cha muda kinachowaka kabla ya Linux yenyewe, na kakistari kanawaka kanazima kakisubiri uandike kitu. Mwezi uliopita niliitwa na dada mmoja ana stationery, anatoa kopi na kuprinti, mashine yake imefika hapo na ameshaizima na kuiwasha mara sita. Anauliza kitu kimoja tu, mafaili ya wateja yapo au hayapo. Kwa kweli hilo ndo swali la maana kuliko yote, na wengi wanaoambiwa "andika fsck itapona" hawajawahi kuambiwa hio fsck inafanya nini hasa, kwaiyo wanaiendesha kama dawa ya kutuliza maumivu, na siku nyingine inawaumiza.

Ukipandisha macho juu kidogo kwenye ile skrini unakuta mstari unaosema UNEXPECTED INCONSISTENCY. RUN fsck MANUALLY. Kwa lugha yetu ni kwamba nimekagua nimekuta mahesabu hayalingani, na siwezi kuamua mwenyewe, njoo uendeshe ukaguzi kwa mkono. Fsck ni kifupi cha maneno yenye maana ya ukaguzi wa mfumo wa mafaili. Shika hilo neno ukaguzi. Fsck ni mkaguzi wa leja, haijaja kuokoa mizigo.

Chukulia diski ni stoo. Kila faili lina kadi yake, hio kadi inaitwa inodi, imeandikwa ukubwa wa faili, mwenyewe ni nani, na mzigo umekaa kwenye bloku zipi, yani vipande vidogo vya nafasi ya diski. Jina la faili halipo kwenye kadi, watu wengi hawalijui hili, jina liko kwenye folda na kazi ya folda ni kusema tu kwamba jina hili ni kadi namba fulani. Alafu kuna ramani nyingine inaonesha bloku zipi zina mzigo na zipi ziko wazi, na juu ya yote kuna supabloku, yani ukurasa wa kwanza wa leja unaosema stoo hii ni kubwa kiasi gani na imepangwaje. Sasa ukihifadhi faili moja jipya inabidi folda iandikwe, kadi iandikwe, ramani ibadilishwe, na mzigo wenyewe uwekwe, na diski haiwezi kufanya yote kwa mpigo mmoja, ni moja baada ya nyingine. Umeme ukikata hapo katikati unabaki na jina linaloelekeza kwenye kadi tupu, au mzigo upo rafuni lakini hakuna kadi inayoujua, au kadi mbili zote zinadai bloku ileile ni yangu. Hio ya mwisho ndo mbaya zaidi maana ukiandika kwenye faili moja unaharibu lingine.

Fsck kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika kwenye Linux nyingi, inapita hatua tano na utaziona zikitajwa kwenye skrini kwa namba. Ya kwanza inasoma kadi zote moja moja na kuhakikisha hakuna bloku inayodaiwa mara mbili, hii ndo inachukua muda mrefu kuliko zote. Ya pili inaangalia ndani ya folda kama majina yanaelekeza kwenye kadi zilizo hai. Ya tatu inahakikisha kila folda ina njia ya kurudi hadi mzizi, ile folda kuu kabisa, yani hakuna folda inayoelea peke yake. Ya nne inahesabu kila kadi inatajwa na majina mangapi, na ya tano inalinganisha ile ramani ya nafasi wazi na ukweli iliouona. Kote huko haijafungua barua yako kuona kama sentensi zimekamilika. Haijui na haijali. Kama kadi inasema faili lina kilobaiti 40 na bloku zipo, imeridhika, hata kama ndani ni takataka tupu.

Ndo maana nikasema sio mwokoaji. Ikikuta mambo hayalingani lengo lake ni leja ilingane, na wakati mwingine njia rahisi ya kulinganisha leja ni kufuta mstari. Kadi iliyoharibika inafutwa. Mzigo usio na jina unatupiwa kwenye folda inaitwa lost+found, na jina lake linakuwa alama ya reli na namba ya kadi, kitu kama #131088, basi, jina la zamani limekwenda. Ukiwa na mafaili kama hayo andika amri ya file ikifuatiwa na jina, na hio alama ya reli ifunge ndani ya nukuu maana bila hivo terminali inaipuuza, itakuambia hii ni picha au pdf au nini, uanze kuyapa majina upya taratibu.

Mtu atasema mbona siku hizi kuna jonali, fsck ya nini tena. Swali zuri. Enzi za ext2 kila kompyuta ikizimika vibaya ilibidi stoo nzima ikaguliwe, diski ikiwa kubwa unaenda kunywa chai na kurudi. Ext3 ilipoingia kwenye keneli, yani kiini cha Linux, mwaka 2001 ilileta jonali, na ext4 iliyokuwa tayari mwaka 2008 imeendelea nayo. Jonali ni kijidaftari cha pembeni, kabla ya kugusa leja kubwa mfumo unaandika kwanza kwenye kijidaftari "nataka kufanya hiki na hiki na hiki", ukimaliza kuandika ndo unafanya. Umeme ukikata, siku ya kuwaka unasoma kijidaftari, kazi iliyoandikwa ikakamilika inarudiwa, iliyoandikwa nusu inatupwa. Sekunde chache tu umemaliza, na kwenye skrini unaona recovering journal alafu inaendelea na safari.

Kwaiyo elewa uzito wa hili, umeme kukatika peke yake kwa kawaida hautakiwi kukufikisha kwenye initramfs kama unatumia ext4. Kijidaftari kipo kwa ajili hio hio. Ukiona mashine inaomba fsck kwa mkono maana yake kuna kitu jonali imeshindwa kukizuia, na vitu hivyo ni diski inayokufa, ramu mbovu, kebo ya data iliyolegea, au diski inayosema "nimeshaandika" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda, umeme ukienda na zenyewe zimeenda. Pia jonali ya ext4 kwa mpangilio wa kawaida inalinda leja tu, hailindi yaliyomo ndani ya faili, waraka uliokuwa unauhifadhi dakika ile unaweza kurudi nusu na leja ikawa safi kabisa.

Hapa ndo naomba unisikilize vizuri maana hili liliwahi kumgharimu mtu. Mzee mmoja jirani aliniletea kompyuta yenye picha za familia za miaka mingi, harusi, misiba, wajukuu wakiwa wachanga. Ilikuwa imekwama hivi hivi. Nikaandika fsck -y, yani jibu ndio kwa kila swali, na nikaiacha ikimbie. Diski ilikuwa inakufa, sehemu nyingi hazisomeki, na fsck kila ikishindwa kusoma kadi ilihesabu kadi hio ni mbovu ikaifuta, na mimi nilishaiambia ndio mapema. Ilipomaliza leja ililingana vizuri sana. Picha nyingi zilikuwa zimeingia lost+found bila majina na nyingine hazikuonekana tena, na kila usomaji ulizidi kuichosha ile diski. Mzee hakunilaumu lakini mimi sijasahau.

Tangu siku hio kabla ya kuandika y yoyote naangalia afya ya diski. Hata pale pale kwenye initramfs unaweza kuandika dmesg, inayoonesha ujumbe wa keneli, na kutafuta mistari yenye I/O error, ukiiona imejazana simama, usiendelee. Bora zaidi ni kuwasha kwa flashi yenye Linux, kuweka smartmontools, programu za kupima afya ya diski, na kuandika smartctl -a /dev/sda. Kwenye diski ya kuzunguka angalia mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct, yani sehemu mbovu zilizokwisha badilishwa, na Current_Pending_Sector, yani sehemu zinazoshindwa kusomeka. Namba ya mwisho ya mistari hio ikiwa 0 uko salama kiasi, ikiwa inapanda kila ukiangalia diski inaondoka. Ikiwa inaondoka unachukua diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, unakopi diski nzima kwa ddrescue, programu ya kukopi diski mbovu, alafu fsck unaiendesha kwenye kopi. Diski mgonjwa usiifanyie ukaguzi, itoe data kwanza.

Kwa yule dada nilianza hivi. Kwenye initramfs nikaandika exit, sio kwamba inatoka, ila inakurudishia ujumbe unaotaja ni patisheni gani, yani kipande gani cha diski, ina shida, na watu wengi wanakwama hapa maana wanabahatisha jina. Yake ilikuwa /dev/sda2. Dmesg haikuwa na malalamiko ya diski. Nikaandika fsck -fn /dev/sda2, hio f ni kulazimisha ukaguzi kamili na n ni kujibu hapana kwa kila kitu, yani inakagua bila kugusa. Zikatoka kasoro kama kumi hivi, nyingi zikisema hesabu ya bloku zilizo wazi sio sahihi, na kadi chache zisizo na jina. Hizo hazitishi. Zingekuwa mamia na zinataja bloku kudaiwa mara mbili mbili ningefunga mashine nikopi kwanza. Baada ya hapo ndo nikaandika fsck -fy /dev/sda2, ikapita hatua zake tano, ikamaliza kwa kusema FILE SYSTEM WAS MODIFIED, nikaandika reboot na mashine ikawaka.

Fsck ikimaliza inaacha namba. 0 hakuna kosa, 1 makosa yamerekebishwa, 2 inataka uwashe upya, 4 kuna makosa yamebaki. Zinajumlishwa, ukiona 3 ni 1 na 2 pamoja. Ukiona 4 usifurahie hata kama mashine imewaka.

Na usiendeshe fsck ya kurekebisha kwenye patisheni inayotumika. Kwenye initramfs ni salama kwa sababu patisheni ya mzizi bado haijamauntiwa, yani haijafunguliwa itumike, lakini ukiwa ndani ya desktopu yako unafungua terminali unaandika fsck kwenye mzizi, hapo mkaguzi anaandika leja na keneli nayo inaandika leja ileile, kila mmoja na hesabu zake kichwani. Programu yenyewe inakuonya au inagoma kabisa kuendelea, iamini. Ukitaka kukagua mzizi wa mashine inayowaka vizuri, kwenye menyu ya GRUB, ile programu inayoiwasha Linux, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, mwisho wake ongeza fsck.mode=force, alafu Ctrl na x. Ni kwa mara hio moja tu, haibaki.

Kuna watu wanaendesha fsck mara kumi na shida haipo hata kwenye mfumo wa mafaili. Unaona kwenye skrini A start job is running, inahesabu hadi dakika moja na nusu, alafu inakuambia uko kwenye emergency mode. Mara nyingi hapa ni /etc/fstab, ile orodha ya diski za kumaunti wakati wa kuwaka. Ulikuwa na diski ya bakapu ukaichomoa, au umeformati patisheni ikapata UUID mpya, yani namba yake ya utambulisho, na orodha bado inataja ya zamani, mfumo unaisubiri sekunde 90 unakata tamaa. Andika journalctl -xb utaona inalalamikia nini, andika blkid ulinganishe UUID, alafu mount -o remount,rw / ili uweze kuandika, fungua fstab kwa nano urekebishe. Diski yoyote ambayo sio lazima iwepo iwekee nofail. Ukiwa hapo angalia na namba ya mwisho ya kila mstari, ndo inayosema zamu ya fsck, mzizi unakuwa 1, nyingine 2, na 0 maana yake usikague. Na kama umekwama kwenye grub rescue hujafika hata kwenye keneli, hio ni habari ya kurudisha GRUB, fsck inaweza isihusike kabisa.

Haya yote nimeongelea familia ya ext. Kwenye XFS, mfumo mwingine wa mafaili, amri ya fsck kwa kawaida haikagui chochote, inatoka na namba 0 na mtu anadhani diski ni nzima, inayofanya kazi ni xfs_repair. Kwenye Btrfs, nao ni mfumo mwingine, usiguse btrfs check --repair mpaka umekopi data na umeishiwa njia nyingine.

Kwa yule dada baada ya mashine kuwaka nilifungua lost+found kukawa na vitu vitatu, viwili ni vipande vya brauza na kimoja ni bei za kadi za harusi alizokuwa anaandika umeme ulipokata, nusu ukurasa. Akaisoma akasema hio nusu inatosha anakumbuka zilizobaki. Kwa siku hizi ext4 haijikagui yenyewe kwa kuhesabu mara ilizowaka, kwaiyo nikamwekea tune2fs -c 20 /dev/sda2 ili kila baada ya kumauntiwa mara 20 ipite ukaguzi kamili, tukakopi folda ya wateja kwenye diski ya nje, na nikaandika kwenye karatasi nikaibandika pembeni ya skrini namba ya Current_Pending_Sector ya siku ile, 0, na tarehe yake, ili nikirudi nijue kama imesogea.