Baba ana saratani ya tezi dume iliyosambaa: maswali ya watoto wake

Tumeambiwa saratani ya baba imefika kwenye mifupa. Ina maana sasa ana saratani mbili?

Hapana, ni ileile moja, imehama tu. Saratani ya tezi dume ikisambaa hupendelea mifupa, hasa uti wa mgongo, nyonga na mbavu, na hata ikiwa huko hubaki kuwa saratani ya tezi dume. Inatibiwa kwa dawa za saratani ya tezi dume, kwa hiyo msihangaike kumtafutia mzee tiba ya saratani ya mifupa.

Basi haponi tena?

Kwa kawaida ikishafika mifupani haiondoki kabisa. Lakini inadhibitiwa, na wapo wanaume wengi wanaoishi nayo miaka kadhaa, wakifanya kazi zao na kugombana na watoto wao kama zamani.

Saratani hii hulishwa na testosteroni, homoni ya kiume. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges, wakiwa Chicago, walionyesha kwamba homoni hiyo ikikatwa, uvimbe hunywea na maumivu ya mifupa hupungua. Kazi hiyo ilimpatia Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo matibabu yanaanzia hapohapo: sindano ya kila mwezi au ya kila miezi mitatu, au upasuaji wa kuondoa korodani. Siku hizi mara nyingi huongezwa vidonge vya kuibana zaidi homoni hiyo, kama abiraterone au enzalutamide, au dripu za docetaxel, dawa ya kemotherapi. Baada ya muda saratani hujifunza kuishi bila homoni ile, na hapo daktari hubadilisha dawa. Dawa kubadilishwa si dalili kwamba wamemkatia tamaa.

Na kuhusu PSA, kile kipimo cha damu kinachopima protini itokayo kwenye tezi dume: daktari hutazama mwelekeo wake kwa miezi, pamoja na picha na hali ya mgonjwa mwenyewe. Namba moja iliyopanda kidogo isiwanyime usingizi.

Tangu aanze sindano baba si yule. Ana hasira, analia, hataki watu. Kuna nini?

Sindano imemshusha homoni ambayo mwili wake uliizoea tangu balehe. Joto humpanda ghafla akalowa jasho hata penye baridi. Uchovu wake hauishi kwa kulala. Misuli inapungua, tumbo linaongezeka, matiti yanaweza kuvimba na kuuma. Hamu ya tendo la ndoa huondoka na nguvu za kiume pia, na hili ndilo linalomuuma kimyakimya kuliko yote, kwa sababu hawezi kumweleza mtoto wake. Wala usimuulize. Mwache yeye na mama walizungumze na daktari, nanyi mtoke nje ya chumba bila kuombwa. Ikiwa huzuni inakaa wiki baada ya wiki, daktari aambiwe, maana nayo hutibika.

Kwa uchovu, ushauri unaowashangaza wengi ni mazoezi: kutembea kila siku, na kunyanyua vitu vyepesi ili kulinda misuli. Kumwambia "pumzika tu mzee" mchana kutwa ni upendo unaomdhoofisha. Ila kwa kuwa mifupa yake ina uvimbe, na sindano nazo huikondesha, daktari aseme kwanza mazoezi gani ni salama. Muulizeni pia kama anahitaji kalsiamu, vitamini D au dawa ya kuimarisha mifupa. Nyumbani ondoeni mikeka inayoteleza, na usiku taa ya kuelekea chooni ibaki inawaka.

Wameandika mofini. Si ndiyo dawa ya watu wanaokufa?

Ni dawa ya watu wenye maumivu makali. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishii kifo, na anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya saratani, chini ya uangalizi wa daktari, ni nadra awe mteja wa dawa za kulevya. Kosa la kawaida ni kumsubiri mpaka agugumie ndipo apewe. Apewe kwa saa zilizopangwa, maumivu yakiwepo au yasiwepo. Siku za mwanzo atasinzia, kisha atazoea. Choo kigumu ndicho hakizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Ikiwa mfupa mmoja ndio unaomtesa, ulizeni kuhusu mionzi. Mara nyingi kikao kimoja tu hutosha kuutuliza.

Jambo gani halingoji siku ya kliniki?

La kwanza ni mgongo. Maumivu mapya ya mgongo au shingo, hasa yanayozidi akilala au akikohoa, kisha miguu kulegea, ganzi sehemu anayokalia, au kushindwa kuzuia mkojo au choo: huenda uvimbe unabana neva zilizo ndani ya uti wa mgongo. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Akitibiwa angali anatembea, ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Akicheleweshwa mpaka miguu ife, mara nyingi hairudi. Mzee atasema ni uchovu wa shamba au kitanda kibaya. Msimsikilize siku hiyo.

Kimbieni vilevile mkojo ukigoma kabisa, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi akiwa kwenye dripu za saratani, au akianza kuchanganyikiwa huku ana kiu isiyokatika na anatapika, kwani huenda kalsiamu imezidi kwenye damu.

Ndugu wanataka tumfiche ukweli. Tufanyeje?

Mimi siungi mkono. Mwili ni wake na maamuzi ni yake, na mara nyingi anajua zaidi ya mnavyodhani. Muulizeni anataka kujua kiasi gani, na akijibu "mwambieni mwanangu mkubwa", mheshimuni. Kliniki aende na mtu mmoja mwenye daftari, wa kusikiliza na kuandika. Asiende wa kumjibia.

Tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ni kwa ajili ya siku za mwisho tu?

Hapana. Inaendana na matibabu mengine tangu mapema.

Mimi mwanawe wa kiume, niogope?

Uogope kiasi cha kukupeleka kwa daktari. Aliyezaliwa na baba mwenye saratani hii ana hatari karibu maradufu ya mwingine, na mazungumzo kuhusu kupima PSA huanza akiwa na miaka 40 hadi 45. Dada zako nao wasikae kando: kasoro kwenye vinasaba kama BRCA2 zinaweza kurithiwa na wa kike na wa kiume, na kwa mwanamke huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Muulizeni daktari wa baba kama amepimwa vinasaba hivyo, kwa kuwa majibu yake yanaweza pia kumfungulia yeye mwenyewe dawa nyingine.