Mbeya Haiishi kwa Jumamosi Moja: Dhana Potofu za Wageni wa Likizo

Shule zikifunga, Juni kwa walio Dar es Salaam na Julai kwa walio Ulaya na Marekani, simu yangu inaanza kuita kwa ombi lile lile. "Kaka, tunakuja kusalimia wazee Tukuyu. Jumamosi tuna nafasi. Tupeleke Ngozi, Daraja la Mungu, Kimondo na Kitulo, halafu jioni tumalizie Matema watoto waogelee." Kazi yangu ni kutembeza wageni huku nyanda za juu, na ombi hili limenichosha. Nitaanza nalo na nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linaloharibu likizo za watu wengi kuliko yote.

"Vivutio vya Mbeya viko pamoja, siku moja inatosha"

Haviko pamoja. Jiji la Mbeya limekaa kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Kimondo kiko upande wa Tunduma: unapita Mbalizi, unavuka Mto Songwe, unaiacha lami kabla ya Vwawa na kushika vumbi mpaka kijiji cha Ndolezi. Ngozi, lile ziwa la ndani ya kreta (shimo la volkano), Daraja la Mungu, ambalo ni daraja la asili la mwamba juu ya mto, Kijungu na Ziwa Masoko viko upande mwingine kabisa. Huko unarudi mpaka Uyole, unakata kulia na kushika barabara ya Tukuyu. Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua, iko juu milimani, na ina njia mbili: moja inachepuka Isyonje kutoka barabara hiyo ya Tukuyu, nyingine inapanda kutokea Chimala kwenda Matamba kwa zile kona ambazo watu wanaziita Hamsini na Saba. Matema iko chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mbele ya Tukuyu na mbele ya Ipinda. Kwenda na kurudi Matema peke yake ni zaidi ya kilomita 250, na barabara inashuka kutoka mwinuko wa mita 1,700 hivi mpaka karibu mita 500.

Ramani ya kwenye simu itakwambia Mbeya mpaka Tukuyu ni kilomita 70 tu. Ni kweli. Haitakwambia kwamba kutoka mjini mpaka Uyole unabanana na malori yanayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, wala kwamba baada ya Uyole barabara inapanda safu ya Uporoto kwa kona, na ukiwa nyuma ya lori lililojaa viazi unakwenda kwa mwendo wa lori hilo. Haitakwambia pia kwamba ukifika mahali pa kuachia gari, Ngozi bado inadai upande kwa miguu ndani ya msitu mnene, saa moja au zaidi kutegemea gari limeweza kusogea mpaka wapi, na kipande cha mwisho ni mlima wa kushika mizizi.

Tuseme barabara zote ni tupu. Bado siku hiyo si yako, ni ya bibi. Mgeni ananiambia, "Tutapita kwa bibi dakika tano tumsalimie, halafu tuendelee." Hakuna dakika tano kwa bibi yeyote wa Rungwe, wilaya iliko Tukuyu. Mnafika saa tatu asubuhi, yeye yuko shambani kwenye migomba, mtoto anatumwa kumwita. Anakuja akifuta mikono kwenye kitenge, anawashika mmoja mmoja, anauliza huyu ni wa nani na yule amefanana na nani. Viti vinaazimwa kwa jirani, na jirani anakuja na viti vyake akakaa. Baba mkubwa anapigiwa simu. Nyuma ya nyumba mnasikia kuku anafukuzwa, na hapo ujue safari yenu ya asubuhi imeshakwisha. Kuku huyo atachinjwa, atanyonyolewa, atapikwa kwa kuni pamoja na ndizi, na hamtanyanyuka kabla hajaliwa. Mkinyanyuka mmemtia aibu mbele ya majirani aliowaita.

Nimesimama pembeni ya gari kwenye nyua nyingi za namna hiyo. Baba wa familia anaangalia saa kwa kificho, mama ameshika sahani ya pili asiyoitaka, watoto wanauliza ziwa liko wapi. Tunaondoka saa nane, tunaingia msituni Ngozi saa tisa na nusu, na tukifika ukingoni ukungu umejaa ndani ya kreta, huoni hata tone la maji. Wanarudi mjini usiku wamekasirika: ziwa hawakuliona, na bibi waliyekuja kumwona kutoka mbali vile walimwona kwa haraka. Linaniuma, kwa sababu lilikuwa linaepukika.

Ushauri wangu sibadilishi, hata mgeni akinuna: salimieni kwanza, tembeeni baadaye, na msichanganye siku hizo mbili. Siku ya kwanza yote wapeni wazee. Nendeni na sukari, sabuni, chumvi, kitenge kizuri cha bibi. Kuleni, kaeni, lieni makaburini kama kuna msiba hamkuwahi. Kisha kila siku shikeni barabara moja tu. Siku ya barabara ya Tukuyu: Ngozi alfajiri, kabla ukungu haujapanda, mchana Daraja la Mungu na Kijungu, mlale Tukuyu. Matema ina siku yake na usiku wake. Kitulo siku nzima. Kimondo ni nusu siku, na kama mna ndugu Vwawa au Tunduma kinaingia vizuri kwenye safari hiyo. Asiye na siku nne achague moja, aifanye vizuri. Hizo nyingine zitamngoja mwakani.

"Ndugu zetu ni wenyeji, watatuongoza"

Mwenyeji wa Tukuyu ana migomba, chai, ng'ombe na watoto wa kusomesha. Wengi hawajawahi kupanda Ngozi maisha yao yote, na sioni ajabu. Chukueni kijana wa kijijini anayeijua njia ya msituni na mumlipe vizuri. Hata hivyo, mkiwa na nafasi kwenye gari, mchukueni shangazi au baba mdogo aende nanyi. Nimeona wazee wakisimama juu ya Daraja la Mungu kwa mara ya kwanza, ilhali wamelisikia tangu utotoni, na safari ile ikawa yao kuliko ya wageni.

Na hili nalisema kwa msisitizo: mjomba akiwapeleka kwa gari lake hatawaomba hela ya mafuta. Atajaza tangi kimyakimya na mwezi wake utaharibika. Mpeni kabla gari halijawaka.

"Julai ni joto, si ni Afrika?"

Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya baridi kali huku. Usiku jijini Mbeya nyuzi hushuka chini ya 10, na kule Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 na kuendelea, asubuhi unaweza kukuta sakitu, umande ulioganda, imelala kwenye nyasi. Watoto waliotoka London na kaptura nawapeleka soko la Mwanjelwa kwanza, tuwatafutie majaketi ya mtumba. Tukuyu nako kuna jambo lake: jiji likiwa kavu na vumbi tele, Rungwe bado inaweza kunyesha manyunyu katikati ya Julai. Beba sweta, koti la mvua na viatu vyenye meno.

"Tunataka kuona maua ya Kitulo"

Mwezi wa saba huyaoni. Maua ya Kitulo hufuata mvua: huchanua kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na ndipo uwanda ule unapostahili jina la Bustani ya Mungu. Kiangazi nyasi hukauka zikawa rangi ya dhahabu, na orkidi zinakuwa ardhini kama viazi vidogo. Viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa vikichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko, na uchimbaji huo ni sababu mojawapo ya eneo lile kulindwa na kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukija Julai, njoo kwa ajili ya kutembea, upepo, na kuona mbali. Ukitaka maua, njoo Krismasi au Pasaka, na gari liwe la kuhimili matope.

Wengine wanadhani kuzungumza Kiswahili getini kunapunguza kiingilio. Viwango vya hifadhi vimegawanywa kwa raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaazi na mgeni asiye mkaazi, na anayeulizwa ni kitambulisho au pasipoti yako. Usije na noti mkononi pia, malipo ni ya kielektroniki.

"Ziwa Ngozi halina mwisho"

Lina mwisho. Limepimwa, na kina chake hakifiki mita 100. Ni shimo lililobaki baada ya mlipuko mkubwa wa volkano, likajaa maji, na halina mto unaotoka juu ya ardhi. Masimulizi ya wazee kuhusu ziwa hilo nayaheshimu, na msituni huwa naomba wageni wasipige kelele. Lakini usimtishe mtoto kwamba akichungulia atavutwa. Mwambie ukingo unateleza, kwa sababu kweli unateleza.

"Kimondo kina mionzi, na kiko Mbeya"

Kiko Mbozi, na Mbozi iko Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2016. Ni bonge la chuma lenye nikeli ndani yake, tani 16 hivi, na unaweza kuliegemea ukapiga picha bila kudhurika. Wageni wanashangaa kutokuta shimo kubwa: kilianguka zamani sana, na mmomonyoko umefuta alama yake. Wenyeji walikifahamu kabla ya wakoloni kukiandika mwaka 1930. Makovu yaliyonyooka utakayoyaona ni ya misumeno ya watu waliokata vipande vya kupima.

"Mbeya ni baridi, hakuna malaria"

Hii ndiyo inayonitia hofu. Jijini mbu ni wachache kweli, na mgeni akilala kwa shangazi yake mtaa wa Forest au Uyole anaacha dawa zake kwenye begi. Kisha anashuka Kyela, wilaya iliko Matema. Kule ni joto, mpunga, maji yaliyotuama, na mbu wa malaria wamejaa. Lala ndani ya chandarua kuanzia usiku wa kwanza, na kama daktari alikupa dawa za kinga usiziruke kwa sababu jana ulivaa sweta.

Ziwa lenyewe nalo lina masharti. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, hasa penye maji yaliyotulia na majani. Mamba wanapenda midomo ya mito. Ogeleeni mahali wenyeji wa Matema wanapoogelea, kwenye mchanga safi, na msikae kwenye magugu. Ukirudi ulikotoka ukapata homa, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari kwamba ulilala Kyela. Ukimwambia Mbeya tu, anaweza akatafuta kwenye mtandao, akaona mji wa milimani, akakupa dawa ya mafua.