Chambo bandia cha majira ya joto kwa samaki wa besi: maana yake na namna ya kukichagua

Chambo bandia ni kitu kilichotengenezwa kwa mbao, plastiki, mpira, madini au manyoya, kikatiwa ndoana, ili samaki akione kuwa ni kiumbe cha kuliwa na akivamie. Mvuvi wa pwani anayerambaza nguru kwa kitu cha kung'aa kilichofungwa mwishoni mwa mshipi anatumia chambo bandia, hata kama yeye mwenyewe hakiiti hivyo. Tofauti yake na dagaa, nyungunyungu au kipande cha ngisi ni kwamba hakina uhai, na kwa kawaida hakina harufu ya chakula; kinachomdanganya samaki ni umbo lake, mtikiso wake na mwendo ambao mkono wa mvuvi unakipa.

Wavuvi wa Marekani wanaomvua besi kwa mshipi huzungumzia chambo cha majira ya joto, wakimaanisha kile kinachofaa kuanzia Juni hadi Agosti. Asiyeuzoea msemo huo huweza kuamini kwamba ipo aina moja iliyobuniwa kiwandani kwa ajili ya joto. Haipo. Chambo kilekile kinachofaa mwezi Julai kinaweza kufaa pia mwezi Aprili, na kikashindwa kabisa Julai hiyohiyo katika ziwa la jirani. Kinachobadilika ni mahali samaki alipo ndani ya maji, na kwa hiyo msemo wenyewe, ukichunguzwa vizuri, unahusu kina: chambo cha majira ya joto ni chambo kinachoweza kufika, na kudumu kwa muda wa kutosha, kwenye kina ambacho joto limemsukumia samaki.

Besi anayezungumzwa hapa, ambaye hana uhusiano wowote na besi ya muziki, ni samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini. Anayetafutwa zaidi ni yule wa mdomo mpana, ambaye pembe ya mdomo wake hupita nyuma ya jicho, na ambaye huwinda kwa kuvizia: hujibanza kwenye kivuli cha gogo, majani au nguzo ya gati, kisha hufumua mdomo ghafla na kumvuta windo pamoja na maji. Anaweza kuwa mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. George Perry alivua mmoja wa zaidi ya kilo 10 katika jimbo la Georgia tarehe 2 Juni 1932, na rekodi hiyo ilikaa peke yake hadi Julai 2009, Manabu Kurita alipoifikia katika Ziwa Biwa nchini Japani. Inachekesha kidogo kwamba Kurita hakutumia chambo bandia, bali samaki hai.

Ili kuelewa kwa nini kina ndicho kiini cha jambo, ni lazima kwanza kuelewa jua linalifanyia nini ziwa. Maji ya vuguvugu ni mepesi kuliko maji ya baridi, kwa hiyo jua linapopasha uso wa ziwa wiki baada ya wiki, maji yaliyopata joto hubaki juu na yale ya baridi hubaki chini, bila kuchanganyika. Kati yao hujitokeza tabaka jembamba la mpito, ambamo joto hushuka kwa haraka katika mita chache tu, na mtu anayepiga mbizi hulihisi mwilini kana kwamba amevuka mpaka. Chini ya tabaka hilo, katika maziwa yenye rutuba nyingi, majani na viumbe vilivyokufa huendelea kuoza na kuila oksijeni, nayo hairudishwi kwa sababu hewa iko mbali huko juu. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya chini kabisa, ambayo kwa fikra za haraka ingeonekana kuwa kimbilio zuri la samaki anayekimbia joto, huwa karibu haiishiki. Besi hubanwa kati ya dari la joto na sakafu isiyo na hewa.

Jambo hili lina faida kubwa kwa mvuvi, ingawa wengi hulipuuza. Akijua kwamba tabaka la mpito lipo, kwa mfano, kwenye mita 6, hana sababu ya kupoteza asubuhi nzima akiburuta chambo kwenye mita 10. Kifaa cha sona, kinachochunguza chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, hulionyesha tabaka hilo kama ukanda hafifu unaokata kioo chake kwa mlalo, na asiye na sona anaweza kushusha kipimajoto kwa kamba yenye vifundo na kusoma joto hatua kwa hatua.

Ndani ya eneo linaloishika, besi wa majira ya joto hujigawa katika makundi mawili. Wapo wanaobaki kwenye maji mafupi mchana kutwa, ilimradi wapate kivuli kizito cha majani yanayoelea, kama mayungiyungi, na wapo wanaohamia kwenye kingo za kina, mahali ambapo sakafu ya ziwa huporomoka ghafla. Mfano mzuri wa kundi la pili uko kwenye mabwawa ya Mto Tennessee, kama Guntersville na Kentucky, ambayo yalijengwa na mamlaka ya umma iliyoundwa mwaka 1933. Huko besi hukusanyika kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto, uliofunikwa na maji bwawa lilipojaa. Mchana wa joto viyoyozi huongeza mahitaji ya umeme, mitambo ya bwawa hufunguliwa, maji huanza kutembea, nao samaki wadogo husukumwa na mkondo hadi kwenye kingo hizo, ambako besi wanawangoja. Mvuvi anayelijua hilo huangalia ratiba ya uzalishaji wa umeme kama vile mvuvi wa pwani anavyoangalia bamvua na maji mafu.

Tukifika sasa kwenye chambo chenyewe, mgawanyo unaofaa ni wa kina. Alfajiri na magharibi, mwanga unapokuwa hafifu na uso wa maji umepoa kidogo, kinachofaa ni chambo cha kuelea: kile chenye uso uliochimbwa kama kikombe, ambacho hutapika maji kikivutwa kwa mshtuo, au kile cha umbo la sigara kinachoyumba kushoto na kulia. Juu ya majani mazito hutumika chura wa mpira mwenye mwili mtupu ndani, ambaye ndoana zake mbili huelekea juu na kulala mgongoni, ili apite juu ya zulia la majani bila kunasa. Hapa mshipi mnene uliosukwa ni wa lazima, kwa sababu besi aliyeumwa na ndoana hujichimbia kwenye majani, na mwembamba utakatika.

Jua likipanda, kwa wale wa kingo za kina, kuna chambo cha kuzama chenye kidomo kipana cha plastiki mbele. Kidomo hicho husukumwa na maji kila rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, inapozungushwa na kukielekeza chambo chini. Kadiri kilivyo kirefu, ndivyo chambo kinavyozama zaidi, na vya kina kirefu hupita mita 5 au 6. Ni vyema kujua kwamba mshipi mwembamba na mrusho mrefu huongeza kina, ilhali mshipi mnene hukipunguza. Kidomo kinapaswa kugonga sakafu au jiwe, kwa kuwa mara nyingi ni ule mgongano na kuruka pembeni kunakomfanya besi ang'ate.

Hata hivyo, ningelazimika kuchagua kimoja tu kwa ajili ya mwezi Julai, ningechagua nyungunyungu wa plastiki. Nick Creme na mkewe walimtengeneza jikoni mwao huko Akron, Ohio, mwaka 1949, na tangu wakati huo umbo lake halijabadilika sana. Sifa yake ni kwamba hufanya kazi katika kina chochote kutegemea chubwi, yaani uzito wa kuzamisha, lililowekwa. Chubwi la umbo la risasi likitangulizwa mbele yake, na ncha ya ndoana ikafichwa ndani ya plastiki, hupenya katikati ya matawi bila kunasa. Chubwi zito likitenganishwa naye kwa kipande cha mshipi cha karibu mita moja, hupitishwa juu ya sakafu iliyo wazi. Na chubwi likiwekwa chini kabisa, ndoana ikiwa juu yake, nyungunyungu husimama akitetemeka mbele ya samaki waliokaa juu ya sakafu. Usiku, ambao wavuvi wengi huupendelea joto linapozidi, mweusi ndiye anayetumika zaidi kwa sababu kivuli chake huonekana vizuri dhidi ya anga.

Kuhusu kasi, mwili wa besi hufuata joto la maji, kwa hiyo katika maji ya vuguvugu humeng'enya chakula haraka na anaweza kufukuza windo linalokimbia; lakini maji ya vuguvugu pia hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyechoka adhuhuri hukubali tu kile kinachopita puani pake polepole. Rangi iwe ya mwisho kuamuliwa, ingawa dukani ndiyo ya kwanza kuvuta macho. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois ulionyesha kwamba besi huzitambua vizuri nyekundu na kijani, lakini huichanganya njano-kijani inayong'aa na nyeupe, na buluu iliyokolea na nyeusi. Sehemu ya rangi nyingi za rafuni, basi, hununuliwa na macho ya mvuvi.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kuusoma ushauri huu kwa tahadhari. Besi wa mdomo mpana aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 na bado yumo, lakini Naivasha iko karibu na ikweta, hupita mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni mafupi kiasi kwamba upepo wa alasiri huyakoroga mara kwa mara. Majira ya joto ya Kimarekani hayapo huko, na tabaka la kudumu la mpito wa joto halijengeki. Chambo cha kidomo kirefu kilichosifiwa kwa ajili ya Mto Tennessee kitachimba tope tu. Huko ni afadhali kuanza kwa kuchunguza mabaki ya chakula yanayokutwa tumboni mwa samaki, na kwa muda mrefu chakula kikuu cha besi wakubwa wa Naivasha kilikuwa kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, walioingizwa ziwani mwaka 1970. Chambo laini chenye magando mawili, cha kahawia inayoelekea wekundu, kinachorukarukishwa karibu na mafunjo, kina hoja nzuri zaidi.