Nafasi za utafiti wa hadubini baada ya uzamivu: anza na swali lako

Vijana wa Unguja na Pemba wanaokaribia kumaliza shahada ya uzamivu huniuliza wataombaje nafasi katika maabara kubwa za hadubini ilhali mitambo ya kisasa hawajawahi kuigusa. Hofu yao naielewa, lakini naona imekaa pasipo pake. Kuendesha mtambo mtu hufundishwa na mafundi wa maabara husika. Swali la utafiti hana budi kwenda nalo mwenyewe.

Chukua mfano wa kichocho. Mililita 10 za mkojo hupitishwa kwenye chujio, chujio hulazwa juu ya kioo, kisha tunahesabu mayai ya Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho, kila yai na mwiba wake mdogo nchani. Yai lina urefu unaozidi mikromita 100, kwa hiyo hadubini ya kawaida inatosha. Lakini ukiuliza ngozi ya mnyoo mpevu imejengwaje hata ukaishi miaka ndani ya damu bila kinga ya mwili kuumaliza, unaingia kwenye vipimo vilivyo chini ya nanomita 200 (mikromita moja ni nanomita 1,000), takriban ule mpaka ambao chini yake hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu, alioueleza mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873. Mbinu za kuuvuka ndizo zilizowapa wanasayansi Betzig, Hell na Moerner Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014. Aliyehesabu mayai hayo kwa miaka, akawajua na wagonjwa wenyewe, ana sababu ya kweli ya kuzihitaji.

Barua yangu ya kwanza ya maombi niliijaza majina ya mitambo, na haikujibiwa. Katika ya pili niliambatisha picha moja tu, yenye mstari wa kipimo pembeni, nikaeleza kwa sentensi tatu kile ambacho picha ile ilishindwa kunionyesha. Jibu lilikuja.

Kuhusu ufadhili, someni masharti kwa makini. Ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea waombaji wa uraia wowote ambao hawajapitisha miaka 8 tangu wapate uzamivu, ila mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hili huwakwaza wenzetu waliosomea Ulaya na wanaotaka kubaki nchi ileile. Upo pia ufadhili wa EMBO, shirika la Ulaya la baiolojia ya molekuli, na wa Human Frontier Science Program, mpango wa kimataifa wa utafiti wa viumbe hai. Asiye na picha za kuanzia aitazame Africa Microscopy Initiative, iliyoko Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo huwapokea watafiti wa Afrika kutumia hadubini zake.

Maombi ya Marie Skłodowska-Curie kwa kawaida hufungwa Septemba, na andiko huandaliwa pamoja na mwenyeji, yaani mkuu wa maabara unayotaka kwenda. Mwandikieni mwezi Machi, kabla barua za waombaji wengine hazijamrundikia.